Mwangwi wa Leokadia Kikoti

Dirisha la dawa lilimjibu Bibi Leokadia kwa adabu kubwa, na adabu ile ndiyo iliyomuudhi kuliko jibu lenyewe.

"Samahani sana, mama. Bibi Leokadia Kikoti hawezi kuwa hapa. Kwa sasa yuko kwenye mazungumzo. Wewe ni nani?"

"Leokadia ni mimi. Nimekuja kuchukua vidonge vya presha, kama kila mwezi."

"Sauti imepokelewa. Ulinganifu ni mdogo. Tafadhali ongea kama kawaida yako."

"Hii ndiyo kawaida yangu."

"Ulinganifu umeshuka," dirisha likasema, kwa sauti ya mtu anayekupa pole.

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mzee mmoja aliyefungwa bandeji mguuni akasogea kidogo. "Bibi, kama wewe siye, tupishe sisi wenye majina yetu." Watu wakacheka chini chini. Leokadia akafunga khanga yake upya, akatoka bila vidonge.

Kufika nyumbani, lango likagoma. Bomba la mtaani nalo likamwambia kwamba Bibi Leokadia ameshachota maji yake ya leo, au atachota baadaye, lakini kwa vyovyote si yeye. Jirani akamfungulia kwa sauti yake mwenyewe, akamtazama akijaza ndoo, kisha akamuuliza, "Bibi, au umekufa hukuambiwa?"

Siku hizo hakuna aliyetembea na kitambulisho. Mtu alikuwa na akaunti yake, na ndani ya akaunti mlikaa mwangwi wake. Mwangwi haukuwa kitu cha kuzaliwa nacho, ulifundishwa. Kwa miaka mitatu ulikusikiliza ukinunua chumvi, ukigombana na kuku, ukisali rozari, mpaka ukajua unavyovuta pumzi kati ya neno na neno. Baada ya hapo ulikusemea: zahanati, kwenye bomba, kikao cha mtaa, hata kwa ndugu wa mbali uliochoka kuwapigia. Penye sauti yako, wewe upo. Na sauti ya Leokadia ilikuwa mahali pengine, inazungumza na mtu mwingine, yeye akiwa amesimama na ndoo.

*

Ofisa aliyempokea Kituo cha Sauti pale Iringa alikuwa dada wa Kipare aitwaye Namsifu, mwenye kikombe cha chai kilichokuwa hakiishi wala hakipoi. Hiyo ilikuwa mara ya nne Leokadia kukaa kwenye kiti kile juma lile. Mara ya kwanza aliambiwa mtandao uko chini. Mara ya pili, mtandao ulikuwa juu lakini ofisa mwenyewe alikuwa msibani. Mara ya tatu aliambiwa apige kwanza simu ya msaada.

"Ulipiga, bibi?"

"Nilipiga."

"Wakasemaje?"

"Wakasema lazima wahakikishe na mwenye akaunti. Wakamuuliza. Akasema hajambo, hana tatizo lolote, na anawashukuru sana kwa kujali."

Namsifu akaweka kikombe chini. "Nani aliyesema hivyo?"

"Mimi," Leokadia akasema. "Yaani, yule mimi."

Namsifu alitaka kucheka akajizuia, na Leokadia akamwona akijizuia. Alikuwa amelea watoto sita na wajukuu asiowahesabu. Alijua mtu akibana kicheko. Akamsamehe. Alikuwa amesamehe watu wengi juma lile, na akiba ilikuwa inakwisha.

"Bibi, nikueleze ukweli. Akaunti yako imedukuliwa. Kuna mtu ameingia, anautumia mwangwi wako. Sheria inatupa siku saba tangu ulipolalamika. Zikipita hujathibitishwa, tunamchukulia anayeongea ndiye mwenyewe."

"Zinaisha lini?"

"Kesho jioni."

"Na mimi nitakuwa nani?"

Namsifu akatazama skrini yake kana kwamba jibu limeandikwa pale. "Utaandikishwa upya. Kama mgeni. Mwangwi unafundishwa miaka mitatu."

"Nina miaka sabini na minane, mwanangu. Miaka mitatu niipate wapi, tena bila vidonge?"

Wakaanza na mizani. Hiyo ilikuwa mashine ndogo yenye kipaza sauti, na kazi yake ilikuwa kupima maneno ya mtu aliyeketi dhidi ya mwangwi uliotunzwa. Ikifika tisini kwa mia, kesi imekwisha. Namsifu akamwambia asimulie kitu chochote cha kawaida, bila haraka.

Leokadia akasimulia jinsi ulanzi, pombe ya mianzi, unavyogemwa. Unachagua mwanzi mchanga, unaukata ncha, unafunga kibuyu, asubuhi na jioni unarudi kuuchonga kidogo, kidogo tu, maana mwanzi ukiuonea pupa unakauka. Alikuwa anasimulia vizuri. Namba ikapanda hadi sabini na mbili, sabini na tano. Namsifu akaanza kutikisa kichwa kumtia moyo.

"Tafadhali usikasirike," mizani ikasema.

"Sijakasirika."

"Sauti imekaza. Ulinganifu umeshuka."

"Ilikuwa imetulia mpaka uliposema imekaza."

"Ulinganifu umeshuka. Tafadhali ongea kama wewe."

Leokadia akafumba macho. Akaanza tena, na mwanzi uleule na kibuyu kilekile, na kila alipofikia namba nzuri mashine ilimpongeza, na kila ilipompongeza alikasirika. Ikaishia arobaini na moja. Mizani ilimfahamu Leokadia wa miaka mitatu ya utulivu, anayemwagilia mchicha na kuimba kwaya. Haikuwahi kumwona akinyimwa dawa yake na kuambiwa apishe foleni. Ule mwangwi ulikuwa mpole zaidi yake, na kwa mashine mpole ndiye Leokadia.

"Basi," Namsifu akasema, akaizima. "Twende kwa mashahidi. Ulipofungua akaunti uliandikisha wawili. Mwalimu Alfonsi..."

"Marehemu."

"...na Kasiani Gama."

Kwa mara ya kwanza juma lile Leokadia akatabasamu. "Huyo yuko hai. Mpigie. Lakini nikuonye, yeye Mngoni, mimi Mhehe."

Kasiani na mkewe Eufrasia walikuwa wameishi ng'ambo ya uzio wa Leokadia zaidi ya miaka thelathini, mpaka Eufrasia alipougua na mumewe akamrudisha kwao, nje kidogo ya Songea. Mababu wa Wahehe na wa Wangoni walipigana vita vibaya. Wajukuu zao walirithi utani. Mtani humtukana mtani wake msibani, harusini, hospitalini, popote, na kukasirika ni mwiko. Kila asubuhi ya miaka ile yote Kasiani alisimama uani na mswaki mdomoni, akapaza sauti: "Mla mbwa, umeamka?" Na Leokadia, hata akiwa na homa, alimjibu, "Nimeamka, mla panya, ficha mkia." Siku ambayo hawakutukanana, majirani walikuja kuuliza kuna msiba gani.

Uso wa Kasiani ukatokea kwenye skrini. Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa.

"Mzee Kasiani Gama," Namsifu akaanza, "unaongea na Kituo cha Sauti. Unamfahamu huyu mama aliyeketi mbele yangu?"

Kasiani akasogeza uso, akakunja macho. "Huyu? Simjui."

Leokadia akacheka, akajipiga paja. "Nilikuambia."

"Mzee, tafadhali. Hili ni jambo la kisheria."

"Ndiyo nasema kisheria. Namwona mama mzee mwenye sura ya mtu aliyekimbia vita. Leokadia ninayemjua mimi alishakufa. Mazishini nilikwenda. Wali ulikuwa hauna nyama, nikaambiwa mbwa wameisha mtaani."

"Nitakuja huko nikukate huo mkia, Mngoni wewe."

"Umesikia, ofisa? Mtu wa heshima hawezi kuwa na mdomo huo. Simjui. Hajawahi kuwa jirani yangu."

Simu ikakatika. Mizani, ambayo Namsifu alidhani ameizima, ikasema kwa upole, "Shahidi amekana. Ushahidi umepokelewa."

"Hapana," Namsifu akasema, akibonyeza huku na huku. "Hapana, hapana, hapana. Ule ulikuwa utani. Hata sisi kwetu na Wachaga..." Akabonyeza tena. "Haina sehemu ya utani. Ina 'anamjua' na 'hamjui'." Akajishika kichwa. "Bibi, kati ya watu wote duniani, ukaenda kumwandikisha mtani kuwa shahidi."

"Ningemwandikisha nani? Ndiye anayenijua."

*

Shahidi aliruhusiwa kurudia mara moja tu. Wakati wanangoja laini ya Songea itulie, Namsifu akafungua kumbukumbu za akaunti, akawa anasoma huku uso umemkunjamana.

"Ajabu. Mdukuzi kwa kawaida anajaribu neno la mlango mara elfu. Huyu kajaribu mara moja. Kaliandika sawasawa, kaingia. Bibi, neno lako nani mwingine analijua?"

"Hakuna. Mimi na Mungu."

"Hukumwambia mtoto? Hukuliandika mahali?"

"La kuandika la nini? Nilichagua neno ambalo siwezi kulisahau hata nikirogwa. Nililisema kila siku ya..."

Akafunika mdomo kwa ncha ya khanga.

Kwa maana neno la mlango la Leokadia, neno lililofunga dawa yake, maji yake na jina lake, lilikuwa *mla panya ficha mkia*. Alikuwa amelipaza juu ya uzio kila asubuhi kwa miaka thelathini. Mtaa mzima ulilijua. Lakini aliyekuwa akiambiwa neno hilo ni mtu mmoja tu.

Ndipo akakumbuka kitu kingine. Mtani akimaliza kutukana, hucheka. Utani bila kicheko mwishoni ni tusi tupu. Kasiani hakucheka. Alikata simu.

"Bibi? Umekumbuka mtu?"

"Akipatikana huyo mtu," Leokadia akauliza taratibu, "anafanywaje?"

"Ananyamazishwa. Mwaka mzima, yeye na nyumba yake. Akaunti zao zinafungwa."

"Na wakitaka dawa?"

"Wanaombewa na majirani, kama wewe na bomba lako." Namsifu akanywa chai. "Ni kali, najua. Lakini ameiba sauti ya mtu, bibi. Hakuna kilichobaki cha kuiba."

Leokadia akaitazama mikono yake. Mwezi wa nne Kasiani alimpigia, wala hakumtukana, akasema tu: Leoka, niazime mwangwi wako. Eufrasia alikuwa amepofuka macho, na akili yake ilikuja na kwenda kama umeme wa zamani. Alikuwa hali chakula. Alifumba mdomo kama mtoto, mpaka asikie sauti ya Leokadia. Hapo ndipo alipoufungua. Leokadia alikuwa akimpigia kila jioni, na kila jioni Eufrasia alikula. Lakini asubuhi je? Mchana je? Kasiani alitaka ile sauti ikae kitandani pale siku nzima.

Leokadia alikataa. Alimwambia sauti si kinu, haiazimwi. Alimwambia kumdanganya mgonjwa ni dhambi, na kwamba hataki kitu kinachosema maneno asiyoyajua kwenye sikio la rafiki yake. Alisema haki, na mpaka leo aliona alisema haki. Kasiani hakuomba tena. Na juma hili lote, simu za jioni za Leokadia zilikuwa hazitoki, kwa kuwa hata simu ilimwona mgeni, ikamruhusu namba ya msaada tu.

"Naweza kusikia yule anasema nini?" akauliza.

Mlalamikaji aliruhusiwa kusikia kipande kimoja, ili aseme ni yeye au si yeye. Namsifu akachagua cha jana asubuhi, akageuza kipaza sauti.

"Umeamkaje, mpenzi?" ikasema sauti ya Leokadia. Ilikuwa yake kabisa, hata kile kikohozi kidogo cha kuanzia. "Nimefurahi kukusikia. Kula kidogo, tafadhali. Huku kwetu mvua imenyesha vizuri."

Kukawa na mlio wa kijiko. Kisha Eufrasia, sauti imekwisha kama sabuni ya mwisho: "Wewe siye."

"Mimi ni Leokadia, mpenzi."

"Leoka hajawahi kuniita mpenzi. Leoka angekuwa ameshanitukana kabla sijameza. Wewe una adabu kama muuguzi mgeni." Akapumua. Aliposema tena alikuwa amepunguza sauti. "Lakini mzee wangu yuko nyuma ya pazia, anadhani sijui. Nikila, anapata usingizi. Basi tuongee. Niambie tena habari za mvua."

"Mvua imenyesha vizuri sana," mwangwi ukasema kwa furaha.

Kipande kikaisha. Namsifu akavua simu yake shingoni, akaisukuma mezani. "Mimi naenda kuongeza chai. Nachelewa kidogo."

*

"Kasiani."

"Nani mwenzangu?"

"Acha."

Jogoo akawika huko Songea, saa ambayo si yake.

"Umeniibia," Leokadia akasema.

"Nilikuomba kwanza."

"Nikakataa."

"Ukakataa. Ukanihubiria dhambi, ukakata simu ukaenda kwenye kwaya yako. Mimi nikabaki na kijiko mkononi." Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa amechoka mno. "Unajua ilivyo, Leoka, mtu uliyemwoa akikufungia meno? Unabembeleza mpaka uji unafanya ngozi. Unaupasha. Unabembeleza tena."

"Yule anamwita mkeo mpenzi. Kwa mdomo wangu."

"Sikuwahi kuuliza anasemaje. Anafungua kinywa, mimi natia kijiko."

Leokadia alikuwa na jibu mdomoni. Jibu lenyewe lilikuwa fupi, la kweli, na lingemmaliza: *mkeo anajua, anakula kwa ajili yako*. Alilishika kwenye ulimi kama punje ya pilipili. Eufrasia alikuwa amelificha nyuma ya pazia lake mwenyewe, kwa sababu zake. Halikuwa la Leokadia. Akalimeza.

"Kesho jioni," akasema badala yake, "mimi nakoma kuwa mtu. Dawa sipati. Maji naombewa. Lango langu linaniuliza mimi ni nani. Hilo ulilijua uliponikana?"

"Nilijua umepata usumbufu. Sikujua..." Akasita. "Nilidhani mnaweza kuwa wawili. Wewe huko na yule huku. Nikasema siku kadhaa, mpaka apate nguvu."

"Hatuwezi kuwa wawili."

"Nikisema nakujua, yule ananyamaza."

"Ananyamaza."

"Na leo mchana Eufrasia akifunga mdomo?"

Leokadia alikuwa na haki juu ya jina lake. Kasiani alikuwa na uji unaofanya ngozi. Angeweza kuziweka haki hizi mbili kwenye mizani ya Namsifu, na ingemwambia tu kwamba sauti yake imekaza.

"Nisikilize," akasema. "Mtani akichukua kuku wa mtani wake, ni mwizi?"

"Si mwizi," Kasiani akajibu polepole.

"Lakini anadaiwa."

"Anadaiwa."

"Basi umechukua changu, nami nachukua chako. Nakuja huko. Nitalala kwenye kitanda chako, wewe utalala jikoni. Nitakaa kando ya mkeo mpaka nitakapochoka mwenyewe, na utanilisha. Kuku, Kasiani. Ole wako nione kitu chenye mkia."

Alingoja kicheko. Hakikuja. Kilichokuja ni sauti ya mtu anayepangusa pua.

"Mpe simu huyo ofisa," Kasiani akasema.

*

Namsifu aliuliza swali lilelile, neno kwa neno. Kasiani alitazama kwenye skrini, akanyoosha kola ya shati.

"Ndiye. Leokadia Kikoti. Namjua. Hakuna mwingine."

Basi, hivyo tu. Hakutaja mbwa, wala vita, wala wali usio na nyama. Miaka yote hiyo Leokadia hakuwahi kumsikia mtu huyu akilitaja jina lake bila kulipaka kitu, na sasa alipolisikia likiwa safi, akatamani kumpigia kelele aongeze japo tusi moja. Alihisi kama amesomwa kwenye tangazo la vifo.

"Shahidi amethibitisha," mizani ikasema. "Karibu, Bibi Leokadia."

"Nyamaza wewe," Leokadia akaiambia.

Zikabaki kazi za kufunga. Neno jipya la mlango, kwanza. Namsifu akamwonya: lisiwe jina la mtoto, lisiwe wimbo wa kanisani, na kwa jina la Mungu lisiwe kitu anachokipaza uani. Leokadia akafikiri mpaka chai ya Namsifu ikapoa kweli, akaliandika kwa kidole kimoja, amefunika kwa mkono wa pili. Kisha kufuli ya ziada: tangu siku hiyo, neno peke yake halitoshi, mpaka na kidole gumba chake. Kisha Namsifu akageuza skrini.

"Akaunti yako iko wazi mahali pamoja pengine. Unabonyeza hapa, Toa Wote. Ukibonyeza, kule inazimika."

Kidole cha Leokadia kikafika, kikasimama.

"Sasa hivi anaongea?"

"Taa ya kijani ikiwaka, mwangwi unaongea. Ndiyo, anaongea."

"Ngoja amalize."

Wakangoja. Nje foleni ilikuwa imeanza kunung'unika. Taa ya kijani ikazimika, ikawaka ya njano.

"Sasa je?"

"Sasa anasikiliza. Yule mwingine ndiye anayeongea."

"Basi hapo ndiyo ngoja kabisa."

Namsifu akangoja. Mlango ukafunguliwa, mtu akaingiza kichwa kuuliza kama kuna huduma au hakuna, naye akamwonyesha kiganja bila kumtazama. Ikapita kitambo. Ya njano ikafifia, na hakuna iliyowaka mahali pake.

Leokadia akabonyeza.

Mashine ikauliza swali la mwisho: *Aliyeingia ni nani?* Chini yake kulikuwa na majibu ya kuchagua: mwizi, ndugu, asiyejulikana.

"Niweke asiyejulikana?" Namsifu akauliza, macho yake yakiwa kwenye kikombe. "Wengi huweka hiyo. Inafunga kesi."

"Nisiseme uongo nikiwa ndio kwanza nimerudishiwa mdomo. Anajulikana. Weka mtani."

"Bibi, mtani haimo."

"Iweke."

"Siwezi kuiweka, mimi si niliyeitengeneza." Namsifu akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyekwisha kuona mashine nyingi na mabibi wengi. Kisha akashuka chini ya ukurasa, kwenye swali dogo ambalo hakuna aliyelijibu kamwe: *Ni kitu gani kilichoibwa?* Akaandika: *Hakuna.* Ukurasa ukafikiri kidogo, ukajifunga wenyewe. Kama hakuna kilichoibwa, hakuna wa kumnyamazisha.

"Ungefanya hivyo tangu mwanzo," Leokadia akasema.

"Bibi, nenda. Tafadhali nenda kachukue vidonge vyako."

*

Hakwenda kwanza kuchukua vidonge. Alikaa kwenye benchi la nje ya kituo, kati ya mama mwenye mtoto mgonjwa na kijana anayegombana na simu yake, akapiga Songea. Safari hii simu haikumuuliza yeye ni nani.

Kasiani alipokea. Akaipeleka simu chumbani. Leokadia alizisikia ndala zake, kisha pazia likivutwa.

"Kafunga mdomo," akanong'ona. "Tangu yule alipokatika."

"Mwekee sikioni."

Kukawa na pumzi, nyembamba, karibu sana.

"Nani?" Eufrasia akauliza.

"Leoka."

Pumzi ikasimama kidogo. "Yupi?"

Leokadia akamtazama yule mama kando yake, akamtazama mtoto, akaona hakuna namna. Akakohoa kile kikohozi chake.

"Yupi, yupi nini, kikongwe wa Kingoni usiye na meno. Nasikia unakula kwa kubembelezwa kama bibi harusi. Mababu zako walikula panya wabichi wakikimbia, hawakubembelezwa na mtu. Nakuja huko kesho kutwa, na nikikuta mifupa mitupu nitampa mbwa wangu kabla sijamla."

Mama mwenye mtoto akasogea mbali kwenye benchi.

Kutoka Songea ukaja kwanza mlio mdogo, kama karatasi inayokunjwa, na ilimchukua Leokadia kitambo kutambua kuwa ni kicheko.

"Umechelewa, mla mbwa," Eufrasia akasema. "Nimekaa juma zima na mtu ananieleza habari za mvua." Halafu, mbali kidogo na simu, kwa ukali wa mwenye nyumba: "Kasiani. Unasimama nini? Lete huo uji, na uupashe vizuri. Wa jana ulikuwa na ngozi."